Magoti ya Mti

Walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na jina lilimkaa kama shati la kushonesha. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alimpiga mateke tumboni mpaka majirani wakayasikia. Hapo mama alitia chumvi, ila si nyingi. Kiguu alikula amesimama. Mazungumzo aliyasikiliza ameshika mlango. Siku moja kinyozi alimwachia nusu ya kichwa, upande mmoja kipara, upande mwingine kichaka, kwa sababu mteja aliona gari la ng'ombe linapita akataka kujua limebeba nini.

Kazi alizishika na kuziacha kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Alichunga ng'ombe, ng'ombe wakamchoka yeye. Alifyatua matofali, akaondoka matofali hayajakauka. Alisukuma mkokoteni, na hapo alidumu kidogo maana mkokoteni unakwenda, lakini kungoja kupakia kulimshinda. Akapewa kulinda ghala. Hiyo haikuisha hata wiki: mlinzi aliacha mlango akaenda mwisho wa barabara kuangalia kama mwizi anaweza kutokea upande ule.

Kila alipoacha kazi, walihama chumba. Mkewe alimfuata na mafurushi yake mawili na sanduku la bati. Sufuria ilitoka kwenye furushi asubuhi, jioni ikarudi. Nguo zilikaa zimefungwa fundo. Binti yao alitambaa kwenye chumba kimoja, akasimama kwenye kingine, na alijua kusema "tunahama" kabla hajajua kusema "maji."

Mke hakuwa mtu wa makelele. Kitu kimoja tu kilimkera, na alikirudia kila walipoingia chumba kipya, akipapasa ukuta kwa kiganja.

"Nataka kigingi hapa," alikuwa akisema. "Kimoja. Nitundike kitu."

"Nitakugongea kesho," Kiguu alikuwa akijibu. Kesho yake walikuwa njiani.

Walipofika kwenye chumba cha nyuma ya kiwanda cha pamba, mke hakupapasa ukuta. Aliweka mafurushi chini, akakaa juu ya sanduku, akamtazama.

"Kazi hii amekutafutia mjomba wangu," akasema. "Ameweka uso wake pale kwa ajili yako. Sasa nisikilize, baba mtoto. Ukifukuzwa kwa kuonewa, nitalia na wewe. Ukimwaga unga kwa miguu yako mwenyewe, mimi na mtoto tunarudi kwa mama. Na usidhani nitachelewa kufunga mizigo. Imefungwa tangu siku ya harusi."

Alisema hivyo kwa sauti ileile ya kuomba chumvi. Ndiyo maana Kiguu aliogopa.

Kiwanda chenyewe hakikuwa kikubwa. Upande mmoja pamba ilitenganishwa na mbegu zake. Upande wa pili, kwenye banda refu lisilo na dari, ndiko ilikofungwa marobota ili isafiri. Humo ndani ilisimama mashine ya kushindilia, yote ya mti, ndefu kuliko nyumba. Wafanyakazi waliiita Mama Mkwe. Ukifika mbele yake unainama, ukiondoka unapumua.

Mama Mkwe alikuwa hivi. Chini palikuwa na sanduku la mbao nene, refu kama kisima, lenye milango ubavuni. Juu yake ilining'inia parafujo iliyochongwa kutoka kwenye gogo moja zima, nene kiasi cha mtu mzima kushindwa kulikumbatia. Chini ya parafujo kulikuwa na kifuniko kizito kilichoingia ndani ya sanduku sawasawa, kama kizibo mdomoni mwa chupa. Kutoka kichwani mwa parafujo iliteremka miti miwili mirefu, mmoja huku, mmoja kule, mpaka kwenye vifua vya watu. Watu walisukuma miti hiyo wakizunguka, parafujo ikashuka, kifuniko kikaikandamiza pamba. Ikishashuka yote, milango ilifunguliwa, mikanda ya chuma ikapitishwa kuizunguka pamba na kufungwa. Robota likawa robota.

Kabla ya hapo ilibidi mtu aingie ndani ya sanduku, aikanyage pamba kwa miguu inapomwagwa kutoka juu. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Kiguu, na kwa mara ya kwanza maishani alikuta kazi inayotaka mtu asiyetulia. Alikanyaga, akaruka, akazunguka, akaimba nyimbo za uongo alizotunga mwenyewe kuhusu wenzake. Pamba ikapanda naye, mpaka kichwa chake kikatokea juu ya sanduku kama kifaranga.

Akitoka, kulikuwa na desturi moja isiyo na mchezo. Ubavuni mwa mashine palikuwa na msumari. Mkanyagaji akiingia sandukuni, anaingia na kofia yake kichwani. Akitoka, anaitundika kwenye msumari ule. Hakuna mtu aliyegusa mti wa kusukumia kabla hajaiona kofia msumarini. Kofia ikitundikwa, maana yake mtu yuko nje, twende kazi.

Kwa hiyo kukanyaga kulimfaa. Kilichomuua ni kilichofuata. Kofia ikishatundikwa, mkanyagaji naye alishika mti akasukuma kama wengine. Kuzunguka, kuzunguka, kuzunguka, huendi popote. Mandhari ni mgongo wa mwenzako. Na robota likishafungwa, parafujo ilitakiwa irudi juu, kwa hiyo mlizunguka tena kinyume, mizunguko ileile yote, bila kukandamiza hata unyoya. Hapo Kiguu alikuwa akihisi damu inamwasha.

"Tunarudi kumfuata nani?" alikuwa akiuliza.

"Sukuma, wewe," alijibiwa na aliyekuwa nyuma yake, ambaye wakati wa kushusha ndiye huwa mbele. Huyo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mfungaji wa mikanda, mtu wa mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. "Ukisimama nitakupanda kisogoni."

Mama Mkwe alichongwa na seremala wa kiwanda, mzee mwenye shingo fupi na hasira fupi, waliyembatiza Fundi Polepole. Alikuwa akipiga randa kama anayembembeleza mtoto, na hakupenda kuulizwa lini. Kiguu alimwendea siku moja wakati wa kula.

"Fundi, parafujo yako ina kasoro."

Fundi hakuinua macho. "Ala."

"Mwanzoni kifuniko kinakandamiza hewa tu. Pamba haijakataa, ni laini, lakini tunazunguka mwendo uleule wa mwisho pale inapokuwa ngumu kama jiwe. Kwa nini isiende mbio mwanzoni, ikaja kuwa na nguvu mwishoni? Halafu kule kurudi juu, fundi! Kule kurudi juu ni adhabu ya kosa gani?"

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Iache katikati," Fundi akasema. "Nenda kale, kaoge, kalale. Ukirudi utaikuta palepale. Haiteremki, haipandi. Pamba inaisukuma kwa hasira zote, yenyewe inatulia. Haijawahi kumrukia mtu. Mikono ya watu inaingia mle kufunga mikanda, unaona? Ndiyo maana."

"Hapo kwenye kutulia ndipo inaponiudhi," Kiguu akasema, akaenda zake. Fundi akatikisa kichwa, akarudia kupiga randa.

Zilipita asubuhi nyingi za kuzunguka, Kiguu akitazama lango la kiwanda kila mzunguko ulipomleta upande ule. Lango, ukuta, marobota, mgongo wa shemeji. Lango tena. Barabara ilikuwa nje ya lango, nyeupe, inakwenda. Usiku miguu yake iligonga ubao wa kitanda mpaka mkewe akaiwekea mto. Aliyatazama mafurushi tu.

Halafu siku moja, ndani ya sanduku, pamba imemfika magotini, Kiguu alisimama.

Juu walisubiri wimbo. Wimbo haukuja. Walisubiri vishindo. Kimya.

"Katulia," mmoja akasema.

"Nani, Kiguu?" akauliza shemeji. "Leteni ngazi, amekufa huyo."

Walipochungulia walimkuta amekunja mguu mmoja, anaunyoosha polepole, anaukunja tena, macho yake kwenye goti lake kama vile ameliokota. Alikuwa ameona jambo ambalo kila mtu analo mwilini na hakuna anayeliangalia. Goti likiwa limekunjwa sana, mguu unasukuma mbali lakini hauna nguvu. Linavyozidi kunyooka, mguu unakwenda kidogo tu, kidogo kabisa, ila hicho kidogo hakuna pamba inayokibishia. Mbio mwanzoni, nguvu mwishoni. Na kurudi ni kukunja tu.

Alitoka sandukuni akasahau kutundika kofia. Hakuna aliyesukuma. Walisimama wote wakimpigia kelele, "Kofia! Kofia, mwendawazimu we!" na yeye tayari alikuwa mlangoni mwa ofisi ya msimamizi.

Msimamizi alikuwa mjomba wa mkewe, mtu mzito, funguo zikilia mfukoni kila alipogeuka. Alimsikiliza Kiguu akionyesha kwa mguu wake mwenyewe, mguu juu ya kiti, mguu chini ya kiti, mpaka kiti kikaanguka.

"Okota kiti changu," Mjomba akasema. "Haya. Kule banda la nyuma kuna sanduku la zamani, parafujo yake ilipasuka. Lichukue. Mbao atakupa fundi, kama atataka. Mtafanya baada ya kazi. Mkiwa tayari nitakuja mwenyewe kuangalia. Likifungwa robota, wewe na fundi mtakuwa watu wa mashine hiyo, na mti wa kusukuma hutaushika tena."

"Mjomba, Mungu akuzidishie..."

"Sijafika mwisho. Lisipofungwa, au ukiiacha njiani kama ulivyoiacha dunia nzima, unatoka kwenye lango hili. Na usije ukamtuma mpwa wangu kunililia. Nimeshasema naye. Yeye mwenyewe amesema hatalia."

Kiguu alipofika nyumbani mkewe alikuwa ameshasikia. Ndugu yake alikuwa na miguu ya haraka pale palipokuwa na habari.

"Mtu akipewa kazi ya kukanyaga, anakanyaga," mke akasema. "Wewe umeenda kuitafutia kazi yako kifo."

"Ni goti tu, mama. Nitakuonyesha."

"Usinionyeshe goti. Nimeyaona magoti yako yakiondoka vya kutosha."

Fundi Polepole alikubali, labda kwa sababu alitaka kumwona mtu huyu akishindwa kwa karibu. Wakachonga. Kiguu alitaka mguu mmoja: mti wa juu akauita paja, wa chini muundi, katikati bawaba ya chuma. Paja likashikwa na boriti ya juu, muundi ukasimama kwenye kifuniko. Walipojaribu na sanduku tupu, kifuniko kilikwenda upande kikakwama kama droo mbovu.

"Wewe chooni unachuchumaa kwa mguu mmoja?" Fundi akauliza.

Kiguu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akainuka hapohapo. Wakaongeza wa pili. Sasa ilikuwa miguu miwili iliyochuchumaa juu ya sanduku, goti moja linatazama huku, jingine kule, kwa nje. Kamba ikayashika magoti yote mawili ili kuyavuta yakaribiane. Yakikaribiana, yananyooka. Yakinyooka, kifuniko kinashuka. Kamba ilipita kwenye gurudumu ikaenda kwenye wenzo, mti mrefu unaovutwa chini upande mmoja, na kwenye wenzo zikaning'inia kamba za watu wanne kuvuta chini. Wenzo ukishafika chini, ncha yake iliingia katikati ya nguzo mbili fupi. Nguzo zilitobolewa, na kigingi kikapita juu ya wenzo kuuzuia usirudi.

Kigingi hicho ndicho kilichowagombanisha. Fundi alikuwa na kipande cha mti mgumu kwenye dari ya jiko lake, kinakauka kwa moshi.

"Bado," akasema. "Nitakuambia."

"Lini?"

Fundi akaweka randa chini. "Umeona? Umeniuliza lini. Parafujo inajishika yenyewe. Hii yako haijishiki, inashikwa na kijiti hicho tu. Magoti yakiachiwa, pamba itayakunja kabla hujapepesa jicho. Subiri kikauke."

Kiguu alisubiri. Kweli alijaribu. Alisubiri huku akipaka bawaba mafuta ambayo zilikuwa nayo tayari. Alifagia banda. Alikwenda langoni akarudi. Halafu akapanda mti uliokuwa nyuma ya choo cha kiwanda, akakata tawi nene, akalichonga mwenyewe likawa kigingi kizuri, cheupe, kimenyooka. Kisha akaenda kumwita Mjomba.

"Tuko tayari," akasema.

Fundi alipofika banda la nyuma alikuta watu wameshakusanyika. Alikishika kile kigingi, akakibonyeza kwa ukucha, ukucha ukaacha alama.

"Hiki kina maji," akasema kwa sauti ya chini. "Kijana, hiki bado kinakunywa."

"Ni mara moja tu, fundi. Mara moja kitashika."

Mjomba alisimama mlangoni na funguo zake. Fundi akamrudishia kigingi chake. Hakuwa mtu wa kumwaibisha mwenzake mbele ya watu.

Pamba ikamwagwa. Kiguu akaingia na kofia yake, akakanyaga kama hajawahi, akatoka, akaitundika kwenye msumari waliougongea sanduku lile la zamani. Wavutaji wanne wakashika kamba.

"Shuka!"

Kifuniko kilishuka kwa mbio kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiangalia. Vumbi likaruka, watu wakapiga vigelegele, kwa maana hapo ilikuwa imefanyika kazi ya mizunguko mingi ya Mama Mkwe kwa pumzi moja. Kisha ikawa nzito. Wavutaji wakainama, visigino vikachimba ardhi. Magoti yakakaribiana, yakakaribiana, mbao zikalia kwa sauti ya mlango wa zamani. Yakasimama karibu yamenyooka, kasoro kidogo tu. Ncha ya wenzo ikaingia katikati ya nguzo. Kiguu akapitisha kigingi juu yake.

"Achieni!"

Wakaachia. Kikashika. Mjomba akakohoa kikohozi cha mtu anayeanza kuamini.

Milango ya ubavuni ikafunguliwa, pamba ikaonekana imebanwa laini kama ukuta uliopakwa chokaa. Shemeji akaingiza mikono na kuanza kupitisha mikanda. Wavutaji wakarudi nyuma kujifuta jasho. Kiguu peke yake ndiye aliyekuwa akitazama kigingi, na alikiona kinatoa tone la maji ubavuni. Tone likateleza. Kisha nyuzi za mti zikaanza kuinuka, moja moja, kama nywele za paka.

Hakufikiri. Aliruka akakaa juu ya ncha ya wenzo, na kigingi kikakatika chini yake, ta!

Wavutaji wote walitimua mbio. Mjomba, uzito wote ule, alikuwa wa kwanza kufika nje.

"Usitikisike!" Fundi alipiga kelele. "Hapohapo! Magoti bado yamenyooka, mtu mmoja anatosha. Ukiinuka kiganja tu yatakunjika, na hata watu kumi hawatayarudisha!"

"Tushike kamba tumsaidie!" mvutaji mmoja akaita kutoka mlangoni.

"Asiguse mtu kamba! Mkivuta kwa pupa yatapitiliza, yakunjike kwa ndani, ndiyo mwisho wetu. Acheni! Shemeji mtu, toa mikono yako!"

"Siwezi, fundi." Sauti ya shemeji ilitoka ubavuni mwa sanduku, nyembamba. "Mkanda umeshanibana vidole. Mpaka niufunge. Nikiuachia, hivi vidole ndiyo kwaheri."

"Basi funga! Na mingine yote funga, hiyo ndiyo itakayokuokoa. Kijana, umesikia? Wewe kazi yako ni kukaa."

Kukaa. Nafasi kati ya zile nguzo mbili ilikuwa ya tako moja na nusu. Kiguu alihisi wenzo chini yake ukisukuma juu, si kwa nguvu, kwa upole, kama ng'ombe anayekusogeza kwa pua. Pamba yote ile ilikuwa ikimwomba kitu kidogo tu: jiinue, nipitie.

Mguu wa kushoto ukaanza. Ule mguu ulikuwa na akili zake, ndio uliogonga ubao wa kitanda. Ulianza kwenye kifundo, ukapanda. Kiguu aliushika goti kwa mikono miwili, akauambia kwa moyo, mwana wa mama, leo tu, leo tu. Vumbi la pamba likamwingia puani. Chafya ikaja, ikasimama nyuma ya macho, ikamngoja. Alibana pumzi. Machozi yakamtoka.

Mbele yake mlango wa banda ulikuwa wazi, na nje ya mlango lango, na nje ya lango barabara. Na kwenye barabara, kama vile kapangiwa, akapita jamaa yake wa zamani wa mkokoteni, anasukuma mzigo, akamwona.

"Kiguu!" jamaa akaita, akasimama. "Umekaa? We, kweli umekaa? Twende bwana, kuna mzigo mzuri!"

Kiguu alizidi kuukandamiza wenzo. Hakuthubutu hata kutikisa kichwa. Jamaa akangoja, akashangaa, akanung'unika jambo kuhusu watu wanaojiona, akaenda zake. Gurudumu la mkokoteni lililia, kwe, kwe, kwe, mpaka likapotea. Kiguu alilisikiliza lote. Hakuwa amewahi kusikia kitu kikienda mbali mpaka kikaisha, kwa sababu siku zote yeye ndiye aliyekuwa akienda.

"Shemeji," akaita sauti ya ubavuni, sasa imepata pumzi kidogo. "Tulia hivyohivyo. Dada hataamini. Nitamwambia hataamini."

"Funga mikanda, mshenzi wewe," Kiguu akasema bila kusogeza midomo.

"Nafunga. Wa mwisho huu. Usipumue."

Ndoano ya chuma ikaingia mahali pake. Shemeji akavuta mikono, akajiviringisha pembeni na vidole vyake vyote, akavihesabu kwa sauti kama mtoto wa shule.

Fundi akawarudisha wavutaji kwa matusi, akawashikisha kamba taratibu, akaufanya uzito wao uchukue uzito wa Kiguu. Ndipo akasema, "Toka." Kiguu akatoka. Waliuachia wenzo kidogo kidogo, magoti yakakunjika, kifuniko kikapanda juu chenyewe, bila mzunguko hata mmoja. Robota likabaki limesimama, linahema ndani ya mikanda yake. Ndipo Kiguu akapiga chafya, akapiga nyingine, akapiga mpaka akainama.

Mjomba aliingia tena akijipangusa kama mtu aliyetoka nje kwa shughuli zake. Akalipiga robota teke. Halikubonyea.

"Robota ni robota," akasema. "Ila mashine yako haina kigingi. Ina mtu. Kesho nitamkalisha nani pale?"

"Nitaweka kigingi, Mjomba."

"Lini?"

Kiguu alifungua mdomo kusema leo. Neno lilishafika kwenye meno. Alimtazama Fundi, na Fundi alikuwa akitazama dari, hana habari na mtu.

"Fundi atakaposema kimekauka," Kiguu akasema.

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo..." Alijikuna goti. "Tunasukuma parafujo."

Mjomba akageuka, funguo zikalia. "Basi kasukumeni. Marobota ya leo hayajaisha."

Jioni ile Kiguu alishika mti wa Mama Mkwe, akazunguka, na akazunguka kinyume. Lango, ukuta, marobota, mgongo wa shemeji. Miguu ilimwasha mzunguko hadi mzunguko. Hakuna kitu kilichokuwa kimepona. Lakini alisukuma mpaka kofia ya mwisho.

Nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia, na njiani zilikuwa zimenenepa. Mkewe alikuwa ameambiwa mashine imepasuka. Kiguu alimkuta amekaa juu ya sanduku la bati, mtoto amevishwa nguo za safari, mafurushi mlangoni.

"Umeacha au umefukuzwa?" akauliza.

"Nimekaa."

"Umekaa wapi?"

"Juu ya wenzo. Kigingi kilikatika, ndugu yako vidole vikawa ndani, nikakaa."

"Wewe?"

"Kamuulize. Anazo habari, tangu lini akakosa?"

Mke alimtazama usoni, halafu miguuni, mahali alipozoea kupata ukweli. Kiguu akatoa mfukoni nusu ya kigingi kilichovunjika, kizuri, cheupe, kilichochanika upande mmoja. Hakujua kwa nini alikichukua. Mke akakipokea, akakigeuzageuza. Kisha akainuka, akaokota jiwe la kusagia, akapapasa ukuta wa udongo kwa kiganja mpaka akapata mahali. Akakigonga. Kiliingia kimekaa upande.

"Kibichi hiki," akasema. "Kikikauka kitasinyaa, kichomoke."

"Kikichomoka nitakugongea kingine."

"Utakuwepo?"

Kiguu hakuapa. Alishaapa katika vyumba vingi. "Fundi ana kimoja darini kwake," akasema. "Kinakauka. Nimesema nitakingoja."

Mke akamvua kofia kichwani, akaitundika. Kiguu, ambaye sasa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, alipoiona kofia ukutani, mwili wake ulishtuka kwa mazoea, kofia imetundikwa, twende kazi, akaanza kuinuka. Mke akamtazama. Akakaa tena.

"Tunahama?" mtoto akauliza kutoka mlangoni.

"Hebu ngoja kwanza," mama yake akasema.

Pembeni ya kitanda mguu wa kushoto ulikuwa umeanza tena, tu-tu-tu kwenye sakafu. Mke aliusikia. Akaburuta furushi moja kutoka mlangoni, akalitua juu ya mguu ule, zito, akapiga magoti palepale, akaanza kulifungua fundo. Lilikuwa limekaza miaka. Ilibidi atumie meno.